Kozi za mtandaoni kwa sisi wakufunzi wa karakana: kuna yeyote zimembadilisha kweli?

Kondui_20mm ameuliza:

Habari zenu wadau. Naomba tusaidiane kwa jambo moja, limenikaa kwa roho tangu muhula uanze.

Mimi nafundisha stima, kufunga waya za nyumba na sasa pia sola, kwa chuo kimoja hapa Nairobi, huu ni mwaka wangu wa 9. Kabla ya hapo nilikuwa kwa saiti miaka 6, maghorofa ya Syokimau na Kitengela huko, halafu nikaenda Gigiri kusomea ualimu wa ufundi, enzi hizo bado ni KTTC, siku hizi ni KSTVET. Kwa hivyo mkono ninao na darasa nimelizoea.

Sasa tangu tuingie CBET, ule mfumo wa kufundisha kwa umahiri, mambo yamebadilika, mwanafunzi hapimwi tena kwa karatasi ya mwisho peke yake, anapimwa kwa kile anaweza kufanya, na sisi pia tunaambiwa tujiendeleze. Hiyo siipingi hata kidogo. Lakini kujiendeleza kwenyewe kumekuwa ni linki. Kila muhula linki inatupwa kwa grupu ya idara, "kila mkufunzi amalize kufikia Ijumaa na atume cheti". Nimeshamaliza kozi 6. Ya kwanza ilikuwa ya kufundisha kwa kutumia teknolojia, slaidi 140, nilizipitia usiku mtoto akishalala, nabonyeza endelea, endelea, endelea, mwisho maswali 10 ya kuchagua jibu, nikapata 9. Asubuhi nikaingia karakana nikafundisha vile vile nilivyofundisha mwaka wangu wa kwanza. Hakuna hata kitu kimoja nilibadilisha, na cheti kiko kwa faili.

Kilichonifanya niandike ni hii. Wiki mbili zimepita tulikuwa na moduli ya sola, wanafunzi 28, nikawaonya wasichomoe konekta ya MC4, ile ya kuunganisha waya za paneli, wakati paneli ziko kwa jua na mzigo unavuta. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono akasema mwalimu, lakini stima ya nyumba tunazima swichi na hakuna kitu kinatokea, na hiyo ni volti 240, mbona hii ya paneli iwe hatari zaidi? Nikamjibu kwa sababu ni DC. Akauliza, DC inafanya nini? Na hapo nikakosa maneno ya kumfanya aone. Najua ni hatari, nimeshika kwa mkono konekta iliyoyeyuka ikawa nyeusi kama mkaa, lakini kujua na kueleza ni vitu viwili. Nilitoka hapo na uchungu kwa sababu kijana aliuliza swali zuri kabisa na hakupata haki yake.

Kozi 6 na hakuna hata moja ilinifaa siku hiyo. Swali langu kwenu: kuna mtu amesoma kitu mtandaoni na kesho yake asubuhi akafundisha tofauti? Ilikuwa kozi ya aina gani, na ulifanyaje ndio isibaki kwa simu? Na bando mnalipia wenyewe ama chuo kinawasaidia?

---

Sufuria_na_Mwiko amejibu:

Pole mwalimu, na asante kwa kulisema wazi maana wengi tuko nalo kimya kimya.

Mimi nafundisha upishi. Nilikuwa kama wewe, vyeti vimejaa, mpaka mwaka jana nikaingia kozi moja ya wiki 6 ambayo haikuwa na mtihani wa kuchagua majibu hata mmoja. Kila wiki kulikuwa na kazi ya kufanya kwa karakana yako, mimi karakana yangu ni jiko, unaifanya na wanafunzi wako kabisa halafu unarudi kusema ilienda aje. Wiki ya pili tuliambiwa tujirekodi dakika 5 tukionyesha kitu kimoja tu, tuweke hapo, na wenzako wawili wakuangalie waseme walichoona. Si kusifu, kusema walichoona.

Nikarekodi vile naonyesha kukata kuku vipande 8. Nilikuwa najiamini sana na hiyo, naifanya macho yakiwa yamefungwa. Mwenzangu mmoja, fundi wa mbao anafundisha Uganda, akaniandikia mstari mmoja: nimehesabu wanafunzi 11 kwa vidio yako, 4 wa upande wa kushoto wanaangalia mgongo wako tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikarudia kuiangalia mara tatu. Ni kweli. Kuna msichana alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, ananyoosha shingo kuona kisu kinaingilia wapi kwa kiungo cha paja, ananyoosha, ananyoosha, mwishowe akachoka akatoa simu. Na huyo msichana mimi nilikuwa nishamweka kwa wale hawana bidii. Jameni nilikaa hapo nikaona huruma, kwa sababu si yeye peke yake, ni wangapi wamepita kwa miaka hiyo yote wakiangalia mgongo wangu.

Kesho yake nilivuta meza katikati ya chumba, wakanizunguka, na simu nikaiweka juu ya rafu ikichukua mikono tu. Gharama sufuri. Hiyo ndiyo kozi iliyonibadilisha, na cheti chake hata sikumbuki nilikiweka wapi.

Kwa hivyo jibu langu kwako, ukiona kozi, kabla ya kujisajili angalia inataka ufanye nini. Kama inataka usome na ujibu maswali peke yake, utapata habari, na habari si mbaya. Lakini kama unataka kubadilisha mkono wako wa kufundisha tafuta ile inakutuma kwa karakana na kuna mtu wa kukuangalia.

---

Mzee_wa_Jiliwa amejibu:

Kijana wangu Kondui, nianze na swali la yule mwanafunzi kwa sababu hilo ndilo la haraka, mengine yanaweza kungoja.

Stima yetu ya Kenya ni AC ya hezi 50. Inaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila ikigeuka lazima ipite kwa sifuri, yaani mara 100 kila sekunde mkondo unakufa kidogo halafu unafufuka. Ukifungua swichi na cheche ikaruka, inafika kwa ile sifuri inazimika, na kwa vile mwanya umeshapanuka haina nguvu ya kuruka tena. DC ya paneli haina sifuri. Inasukuma upande mmoja bila kupumzika. Ukivuta konekta ikiwa na mzigo, moto unanyooka kwenye mwanya na unaendelea kuwaka, chuma inayeyuka, plastiki inayeyuka, na vidole vyako viko hapo hapo. Na usisahau paneli ukiziunga kwa mfululizo volti zinajumlishana, paneli 10 unaweza kuwa na 400 na zaidi juu ya mabati, huko juu ukishtuka unaanguka. Ndiyo maana tunazima mzigo kwanza, halafu swichi ya DC yenyewe, konekta inachomolewa mwisho, ikiwa haina kitu inabeba.

Mpe hiyo, na umwambie swali lake lilikuwa la fundi.

Sasa hizi kozi. Mimi nimestaafu, nilifundisha ufundi wa mitambo miaka 31, na nitasema ukweli wangu hata kama hautapendeza. Mkufunzi wa ufundi anaharibika akikaa chuoni miaka 10 bila kurudi kiwandani. Anabaki na mashine ya zamani kwa kichwa. Sisi tulikuwa tunapelekwa, likizo ya Agosti unaingia Industrial Area kwa kiwanda wiki tatu nne, unavaa ovaroli, unasimama na mafundi ambao wengine uliwafundisha mwenyewe, na ukirudi darasani muhula wa tatu wanafunzi wanaona kabisa mwalimu amerudi na kitu. Waya ikianza kuungua pua inajua kabla ya jicho. Beringi ikianza kufa unaisikia kwa kiganja ukiweka mkono kwa ganda la mota. Slaidi itakufundisha hiyo saa ngapi?

Sikatai mtandao. Nakataa mtandao kuwekwa mahali pa kiwanda kwa sababu ni rahisi kulipia.

---

Seva_Iko_Juu amejibu:

Naheshimu sana alichosema Mzee hapo juu na swala la kiwanda nakubaliana naye. Mimi niseme kutoka upande wa ndani maana ndio kazi yangu, nashughulikia mfumo wa masomo ya mtandaoni kwa chuo, sisi tunatumia Moodle kama vyuo vingi, ni ya bure, ilitoka 2002 na aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia.

Kondui, shida yako ya endelea endelea endelea ina mahali inatoka na inaweza kurekebishwa. Kwa Moodle mtu anayetengeneza kozi ndiye anaamua "kumaliza" ni nini. Anaweza kuweka kwamba ukifungua tu ukurasa umehesabiwa. Ama anaweza kuweka kwamba hujamaliza mpaka ulete kazi yako, na mtu aisome aipe alama. Ni sehemu moja tu ya mipangilio unabadilisha. Kozi nyingi tunazotumiwa zimewekwa ile ya kwanza kwa sababu ni nyepesi, hakuna mtu wa kusahihisha wakufunzi 90, na ripoti inatoka safi, asilimia 100 wamemaliza. Lakini kile mfumo umepima ni kidole. Nimewahi kuona kwa rekodi mkufunzi amepitia moduli nzima kwa dakika 4, na simlaumu, alikuwa anafanya kile mfumo ulimwomba.

Kwa hivyo kama idara yenu iko na kozi zake, enda kwa msimamizi wa mfumo na HOD wako, yaani mkuu wa idara, waombe kazi ya mwisho iwe ni klipu ya dakika 3 mkufunzi akiwa karakana, ama picha za kazi na maelezo. Wanafunzi wetu wa CBET tunawadai ushahidi wa kazi, faili nzima, picha, karatasi za kupimwa, sahihi za mkufunzi. Sisi wenyewe tukisoma tunadaiwa kubonyeza. Si sawa.

Pahali pa kusoma bure, hizi nimeingia mwenyewe. atingi, ilianzishwa na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, nilisoma bure kabisa. OpenLearn ya Open University ya Uingereza, bure na wanatoa karatasi ya kushiriki. ITC-ILO, kile kituo cha mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani kule Turin, Italia, nyingi ni za kulipia na ni ghali lakini kuna za kujisomea hazilipiwi, chunguza vizuri. Commonwealth of Learning, makao yao yako Burnaby, Kanada, wana vitu vingi vya vyuo vya ufundi na leseni yao inakuruhusu uchukue, utafsiri, ubadilishe ya mfano wa hapa, mradi useme umetoa wapi na wewe pia uiache wazi wengine waitumie hivyo hivyo. Na UNESCO-UNEVOC ya Bonn inashughulika na elimu ya ufundi peke yake, ukitaka kujua wenzetu wa nchi zingine wanafanya nini anzia hapo.

Bando: apu ya Moodle ya simu inakubali kupakua kozi. Pakua ukiwa kwa waifai ya chuo, soma nyumbani bila intaneti, majibu yataenda ukirudi kwa waifai. Si kila mtu anajua hiyo na ingeokoa watu pesa nyingi. Na mkirekodi vidio zenu msiweke hivyo zilivyotoka kwa simu, dakika moja ya HD inaweza kupita MB 60, ishusheni mpaka 360p inakuwa MB chache na mikono bado inaonekana vizuri. Mwanafunzi wa Mukuru ama Kayole anayenunua bando ya siku atakushukuru.

---

Sindano_na_Uzi amejibu:

Nimesoma yote na nashukuru lakini kuna kitu mmekipita na mimi lazima nikiseme.

Saa ngapi? Mimi nafundisha ushonaji, niko kwa kandarasi ya bodi ya chuo, si ya serikali, nalipwa kwa masomo niliyofundisha. Nina masomo 26 kwa wiki. Nikitoka hapo saa kumi na moja niko kwa matatu ya kurudi Githurai, nikifika nyumbani kuna watoto, kuna chakula, kuna vitambaa vya wateja kwa sababu mshahara wa kandarasi hautoshi. Hizi kozi nasoma saa tano usiku kichwa kikiwa kimelala kabla yangu. Halafu naambiwa niwe nimejirekodi, niwe nimeangalia vidio za wenzangu wawili niandike maoni. Dada Sufuria kozi yako ni nzuri sana, nimeitamani kweli, lakini ile ni masaa mangapi kwa wiki? Na nani alikulipa hayo masaa?

Tunaambiwa ni kujiendeleza, na mimi napenda kujiendeleza, nilijifunza kutengeneza patani kwa kompyuta mwenyewe kwa laptopu ya kuazima. Lakini mahali ambapo kusoma kwa mkufunzi hakupo kwa ratiba, huko ni kuchukua usingizi wa mtu. Na wa kwanza kubonyeza endelea endelea ni yule amechoka zaidi. Si uvivu.

Mimi ningeomba saa moja tu. Jumatano alasiri, ratiba inaandika kabisa "wakufunzi wanasoma", hakuna darasa, hakuna mkutano, waifai iko, stima iko. Moja tu.

---

Sufuria_na_Mwiko amejibu:

Dada Sindano umeongea na nimesikia. Ilikuwa kama masaa 4 kwa wiki na hakuna aliyenilipa, niliweza kwa sababu wangu wameshakuwa wakubwa wako bweni. Sikulifikiria hilo nilipoandika, samahani.

---

Mzee_wa_Jiliwa amejibu:

Binti yangu Sindano, hiyo saa ya Jumatano muiombe kwa maandishi, mkiwa wengi, na mwandike mtaitumia kufanya nini wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikaa kwa kamati za chuo miaka mingi. Ombi la "tupewe muda" linawekwa kando. Ombi la "Jumatano saa nane hadi saa tisa, wakufunzi 5 wa ushonaji, tutajifunza patani kwa kompyuta, tutaonyesha kazi mwisho wa muhula" ni vigumu kulikataa mbele ya watu. Na kila mkufunzi siku hizi lazima awe amesajiliwa na TVETA, ile mamlaka ya elimu ya ufundi, chini ya ile sheria ya 2013, kwa hivyo chuo chenyewe kinataka kuonekana kina wakufunzi wanaosoma. Tumieni hapo.

---

Tape_Nyeusi amejibu:

Mimi ni mwanafunzi wa stima, si kwa mwalimu Kondui sidhani, lakini naomba niseme upande wetu.

Mita kwa karakana yetu ni 4 na sisi tuko 30. Ukigawa unakuta unaishika mita dakika chache kwa somo zima, na hizo dakika nusu zinaisha mwalimu akieleza vile inashikwa. Kuna mwalimu wetu mmoja alianza kututumia klipu usiku kabla ya somo, dakika 2 tu, mkono wake na bodi yetu ile ile iko kwa ukuta, anaonyesha unaweka probu wapi na namba inafaa kuwa ngapi. Tukiingia asubuhi hakuna maelezo, kila mtu anaenda kwa bodi moja kwa moja. Nilishika mita zaidi kwa wiki hiyo moja kuliko muhula wote uliopita.

Ningeomba klipu ziwe zenu, nyinyi walimu wetu, si za kutoka YouTube tu. Mimi nilijifunza soketi kwa vidio ya Mmarekani, anaeleza vizuri sana, lakini kwao waya nyeusi ndiyo ina moto, yaani inaleta stima, na nyutro ni nyeupe. Hapa nyumba za zamani nyekundu ndiyo ina moto na nyeusi ni nyutro, mpya ni hudhurungi na bluu. Nilienda kumsaidia mjomba kwa nyumba ya zamani Umoja nikiwa na ile ya Mmarekani kwa kichwa, nikawa nataka kufunga swichi kwa nyeusi. Mjomba alinishika mkono. Swichi ingekuwa imekata nyutro, taa inazima vizuri tu, unaona kila kitu kiko sawa, na kumbe kwa holda bado kuna moto unangoja mtu wa kubadilisha balbu.

Hiyo hakuna mtu wa kuniambia kwa vidio, yule Mmarekani hakukosea, hakujua tu niko Nairobi.

---

Kondui_20mm amejibu:

Wadau nimerudi baada ya wiki tatu, sikunyamaza kwa dharau, nilitaka nirudi na kitu nimefanya.

Kwanza Mzee asante kutoka moyoni. Nilichukua yale maelezo ya sifuri nikayapeleka darasani lakini sikuyasoma, nilifikiria usiku nitayaonyesha aje. Nikachora kwa chaki sakafuni mwa karakana, mstari mmoja mrefu ulionyooka huo ndio sifuri, halafu juu yake wimbi la AC, milima na mabonde, kama mita 8 hivi. Nikamwita yule kijana aliyeuliza nikamwambia atembee kwa wimbi, kila akikanyaga ule mstari wa sifuri wenzake wapige kofi moja. Akaanza kutembea, kofi, kofi, kofi. Nikawaambia hiyo kofi ndiyo nafasi ya cheche kufa, na kwa waya ya nyumba inapigwa mara 100 kwa sekunde. Halafu nikachora DC, mstari mwingine juu ya ule wa sifuri, hauugusi popote. Akatembea. Kimya. Amefika mpaka ukutani, kimya, watu 27 wamekaa na mikono hewani wakingoja kupiga kofi. Akageuka akasema, mwalimu, haizimiki! Mimi nimefundisha miaka 9 na sijui kama nimewahi kusikia darasa likielewa kwa pamoja hivyo, unasikia kabisa ile "aaah".

Pili. Nilichukua kozi moja tu ya sola, sehemu ya usalama wa DC peke yake, nikaacha zingine. Na sikuichukua peke yangu, nilivuta mwenzangu wa karakana ya magari kwa sababu naye ako na betri za magari ya haibridi na swali lake ni lile lile. Tukakubaliana tunasoma kipande Jumatatu, Jumatano kila mmoja anakifundisha kwa darasa lake mwenzake akiwa amesimama nyuma na karatasi. Ile ya dada Sufuria. Huyo mwenzangu wa magari aliniambia kitu kilinishtua, nauliza swali halafu najibu mwenyewe kabla mtu hajavuta pumzi. Alihesabu, mara 7 kwa somo moja. Sasa nikiuliza nahesabu kimoyomoyo mpaka 5. Ni ngumu, hasa kimya kikikaa, lakini juzi msichana ambaye sijawahi kusikia sauti yake tangu Januari alijibu kwa ile ya 4.

Stendi ya simu tumetengeneza na vipande vya kondui, yale mabomba ya kupitisha waya, na elbo 3, zile zilibaki kwa mazoezi, inashika simu ikiangalia chini kwa meza. Klipu ya kwanza ni ya kufunga konekta ya MC4, unachuna waya kama milimita 7, unabana kwa koleo yake si kwa plaiza, unasukuma mpaka usikie ikilia "tak", halafu unavuta kuhakikisha imeshika. Dakika 2 na sekunde 10, 360p, MB 6. Ya pili ni rangi za waya, ya zamani na mpya kwa meza moja, na hiyo Tape_Nyeusi ni yako, nimewasimulia wanafunzi kisa cha nyumba ya mjomba wako bila kusema ni wapi. Kila kitu tumekiweka kwa Moodle ya chuo, na msimamizi wetu nilipomwonyesha maelezo ya Seva_Iko_Juu alikubali kubadilisha kozi moja ya idara ili mtu amalize kwa kuleta klipu. Kozi moja kati ya 5. HOD amesema tuone itakuwaje muhula huu.

Dada Sindano, barua ya saa moja ya Jumatano tumeandika pia, tumetia sahihi watu 12, na wa kandarasi tumewaweka humo wakilipwa hiyo saa kama somo. Bado hatujajibiwa. Nikijibiwa nitaandika hapa, ikiwa ndiyo ama hapana.

Kitu bado sijapata ni hiyo ya Mzee ya kurudi kiwandani. Nimepigia kampuni mbili za sola nikiomba nisimame na mafundi wao Agosti wiki mbili bila malipo, moja ilisema watanipigia, nyingine waliuliza kama nina bima. Kama kuna mtu humu anajua bima hiyo chuo hulipia aje ama barua yake inaandikwa kwa nani, naomba sana.

Halafu Jumatano ijayo tunarekodi ya tatu, kupima insulesheni, yaani ganda la waya kama linazuia stima kuvuja, ile ya volti 500 na usome si chini ya megaohm 1. Megger yetu, ile mita ya kupimia, betri zimevuja ndani zikakula springi. Kuna mtu wa karibu na Ngara ama Kabete ako na moja ya kuazima siku moja tu?

---

Mzee_wa_Jiliwa amejibu:

Niko nayo, ya kuzungusha kwa mkono, ya zamani lakini inapima sawa. Kuja Jumanne jioni uichukue. Na mwambie yule kijana wa chaki aje nawe, nataka kumwona.